Mabogini: Majitaka Yanavyosubirishwa Kabla ya Mto

Anayekwenda Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, akitarajia mitambo inayonguruma atashangaa. Kuna mabwawa tu, majitaka ya mjini yakiingia bwawa hadi bwawa. Kinachofanya kazi hapo ni jua, vijidudu na, zaidi ya vyote, muda. Swali la mhandisi wa mabwawa ya aina hii ni moja: maji yasubiri siku ngapi ndipo yaruhusiwe kuondoka?

Yanasubirishwa kwa sababu ya oksijeni. Lita moja ya maji ya mto yenye joto la nyuzi 25 hubeba miligramu 8 hivi za oksijeni. Lita moja ya majitaka ghafi ya majumbani kwa kawaida hudai miligramu 200 hadi 400, ili vijidudu vimalize kula uchafu uliomo. Yakimwagwa hivyo hivyo, deni hilo wanalilipa samaki. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 zinataka dai hilo lisizidi miligramu 30.

Bwawa la kwanza katika mfumo huu huwa na kina cha mita 2 hadi 5, na kukosa kwake hewa ni kwa makusudi. Uchafu mzito unazama, vijidudu visivyohitaji oksijeni vinaula, mapovu ya gesi yanapanda. Kwa joto la kwetu, karibu nusu ya deni huondoka hapo ndani ya siku chache.

La pili ni la kina kifupi zaidi, na ni la kijani. Mwani hutoa oksijeni mchana, bakteria wanaitumia, nao wanaurudishia mwani kaboni dioksaidi. Hapa msimamizi mzoefu hasubiri majibu ya maabara, anatazama rangi. Kijani kilichokolea ni afya. Maji yakianza kuwa ya waridi au zambarau, bwawa limezidiwa: oksijeni imepungua mno na bakteria wa salfa wameshika hatamu.

Mabwawa ya mwisho kazi yao ni kuua vimelea. Jua hupenya, na mwani unavyofyonza kaboni dioksaidi mchana kutwa, pH hupanda hadi kupita 9, kiwango ambacho bakteria wa kinyesi hawakiwezi. Mayai ya minyoo ni habari nyingine. Hayo hayafi kirahisi, yanazama tu.

Mwani wenyewe nao una kasoro. Ukiponyoka hadi mtoni utakufa, utaoza na kudai oksijeni upya. Ndiyo faida ya ardhi oevu ya kutengenezwa iliyoongezwa Mabogini baada ya mabwawa, kwa utaalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mimea inatia kivuli, mizizi inanasa kilichobaki.

Kisha kuna mpunga. Wakulima wa eneo hilo humwagilia kwa maji yaliyotibiwa, na kwa maoni yangu hao ni sehemu ya mfumo hata kama hawamo kwenye michoro. Mabwawa huondoa fosforasi kidogo sana. Mpunga unaila, na kila lita inayoishia jarubani haifiki mtoni. Sharti ni lile la Shirika la Afya Duniani: yai la minyoo lisizidi moja kwa lita, maana mkulima anaingia jarubani pekupeku.

Hofu yangu iko chini ya maji. Bwawa la kina cha mita 3 likijaa tope nusu, muda wa kusubiri nao unabaki nusu, lakini kwa mtu aliyesimama ukingoni hakuna kilichobadilika. Kutoa tope ni gharama, linanuka, tena lina mayai hai yanayohitaji miezi ya kukaushwa juani. Hakuna mgeni rasmi anayekata utepe kwa kazi hiyo, kwa hiyo ndiyo inayoahirishwa kwanza bajeti ikibana. Wakati huo huo nyumba nyingi katika miji yetu hazijaunganishwa na bomba, na gari la kunyonya vyoo hubeba uchafu mzito mara nyingi zaidi ya ule wa bomba. Kabla ya kuruhusu magari zaidi kumwaga bwawani, mhandisi apime kwanza kina cha tope.