Kiingereza cha Kupandia Mlimani

Pale Ubungo nina rafiki anayepitisha wageni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wapo wanaoiona kazi yake kuwa ni mdomo tu: ukishajua Kiingereza, yamekwisha. Wangemwona usiku na daftari lake wasingesema.

Ziara yote huiandika kwanza kwa Kiswahili, kama anavyomsimulia mjomba wake aliyetoka Singida. Kisha anaifumua. Sentensi ndefu anazikata, maneno ya kitabuni anayatupa, maana mgeni wake mara nyingi ni Mjerumani au Mkorea, naye Kiingereza kakijulia darasani vilevile. Hapo ndipo wasomi wetu huanguka. Anatokea mtu na Kiingereza chake cha kutetea tasnifu, wageni wanatikisa vichwa kwa adabu, jua la saa sita linawapiga, na hakuna aliyeambulia kitu. Rafiki yangu Kiingereza chake kina makosa, tena mengine ya wazi. Ila kimepangwa. Asubuhi, ndani ya mwendokasi kutoka Kimara, utamwona midomo inacheza, jirani yake kasogea kidogo.

Mtazame akifika Ukumbi wa Nkrumah. Neno usanifu halitaji. Anatoa mfukoni noti kuukuu ya shilingi 500, ambayo Benki Kuu imeshaiondoa kwenye mzunguko, anamkabidhi mgeni wa karibu na kumwambia aitazame, kisha atazame mbele. Paa la zege lililoko kwenye karatasi ndilo hilo lililosimama pale. Anawaacha waipitishe noti mkono kwa mkono, hasemi kitu, nao wanaanza kuelezana wenyewe. Ndipo anaingiza historia: chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kikahamia huku mlimani mwaka 1964, mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Miaka mitatu tu. Zaidi ya hapo, anasema, mgeni anaanza kutafuta tumbili. (Na tumbili wakipita kweli, anafunga mdomo mpaka picha ziishe. Hakuna Kiingereza kinachoshindana na tumbili.)

Penye ufundi hasa ni habari ya Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga utaratibu wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao ungewafanya walipwe asilimia 40 tu ya mshahara katika sehemu ya utumishi wao. Mwalimu Nyerere akawafukuza mamia, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ukianza na kufukuzwa, mgeni anasikia habari za dikteta. Ukianza na mshahara wa Rais, anasikia habari za mtakatifu. Mwenye Kiingereza kingi anaweza kujirudi, akafafanua, akaongeza "lakini" tatu. Mwenye Kiingereza cha kuhesabu hana nafasi hiyo, kwa hiyo lazima mpangilio wenyewe ubebe haki. Yeye huanza na vijana: walidai nini, kwa nini waliona wanaonewa. Halafu Mwalimu na hasira yake. Mshahara unakuja mwisho, na baada yake hatoi hukumu, anauliza kama kuna swali. Nimewasikia wahadhiri wakiieleza habari hiyo kwa saa nzima bila kuipa usawa huo.

Tunachobishania ni Museveni. Mimi namwambia amwondoe. Kusoma hapa miaka ile ya 1960 hakutoshi kumpa mtu kituo kizima, na dakika hizo angempa Walter Rodney, aliyefundisha hapa na ambaye kitabu chake kuhusu Ulaya na Afrika kilitoka mwaka 1972. Anakataa. Rodney, anasema, anataka dakika kumi za maelezo kabla mgeni hajaelewa kwa nini atajwe; Museveni jina lake wanalijua tayari, linawaamsha waliochoka na kilima. Rodney ameshamwandika kwenye daftari, mara mbili. Kila mara inatoka ndefu.