Wauguzi wa Mfuko

Utumbo ukitoboka hadi nje ya tumbo, mara nyingi baada ya upasuaji, huvuja maji yenye vimeng'enya visivyotofautisha ngozi ya mgonjwa na nyama ya mchuzi. Daktari wa upasuaji huweza kusubiri miezi kabla ya kulifunga tundu hilo, liitwalo fistula, na sifa zote humwendea yeye.

Anayemvusha mgonjwa miezi hiyo ni muuguzi wa stoma, yaani wa matundu ya utumbo yanayofunguka tumboni. Hupima tundu, hukata bamba la mfuko wa kukusanyia maji hayo lilingane nalo, huziba mikunjo, huandika mililita zilizotoka. Zikizidi 500 kwa siku, kazi ni nzito.

Norma Gill, mwasisi wa kazi hii, hakuwa hata muuguzi! Alikuwa mgonjwa wa daktari wa upasuaji Rupert Turnbull wa Cleveland Clinic, Marekani, akaajiriwa huko mwaka 1958. Mwaka 1961 shule ya kazi hii ikafunguliwa hapo hapo.