Wavu wa Dirisha Usiopigiliwa Misumari

Wavu wa mbu dirishani kwa kawaida hupigiliwa misumari na vipande vya mbao. Unakaa imara, lakini ukijaa vumbi haufuliki. Utaupangusa tu, na nusu ya vumbi itaingia chumbani. Baadhi ya mafundi sasa hufunga wavu huo kwa velkro, na kazi ikifanywa sawasawa inashinda misumari. Ikifanywa ovyo, haikawii pembe moja kubanduka na mbu wakapata mlango.

Siri iko kwenye utepe wenyewe. Upande mmoja una kulabu ndogo ngumu, wa pili una vitanzi laini. Mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alipata wazo hilo mwaka 1941 kutokana na mbegu zilizonasa kwenye manyoya ya mbwa wake. Hazikuwa kama kishona nguo chetu, kinachochoma kitambaa kwa vijimiiba. Zile zilikuwa na ndoano zinazotafuta uzi wa kujishikiza. Utepe wa kwanza wa pamba ulichakaa upesi, akahamia nailoni: vitanzi hufumwa, hukazwa umbo kwa joto, kisha kila kimoja hukatwa ubavuni kikawa kulabu.

Ukiuburuta utepe huo sambamba na ukuta, kulabu zote hugawana mzigo. Ukiuinua kuanzia ukingoni, zinazopambana nawe ni za mstari mmoja tu, kisha mstari unaofuata. Ndiyo maana mtoto hufungua kiatu chake cha velkro kwa vidole viwili, ilhali akikimbia hakimvuki.

Sasa turudi dirishani. Uzito wa wavu huvuta kuelekea chini, yaani huburuta, kwa hiyo si tatizo. Adui ni upepo. Wavu uliolegea huvimba kama tanga na kuuinua utepe kutoka ukingo wa ndani, palepale ulipo dhaifu. Fundi mzuri basi hupima fremu kwanza, hukata wavu ukae umenyooka bila kuvutwa kupita kiasi, na huzungusha utepe pande zote nne bila kuacha pengo pembeni. Chini huacha ulimi mdogo wa kitambaa wa kushika wakati wa kuufungua.

Kulabu zikae kwenye fremu, vitanzi kwenye wavu. Ukigeuza mpangilio huo, siku ya kufua kulabu zitanasa kila nguo iliyomo kwenye beseni. Upande wa wavu ushonwe kwa cherehani, kwa sababu gundi haina cha kushika kwenye matundu. Kwenye fremu ya alumini gundi inatosha, mradi uifute fremu kwanza kwa spiriti na kuiacha gundi siku nzima kabla ya kuning'iniza kitu. Kwenye mbao ongeza pini za stepla. Dirisha linalopigwa jua, tafuta utepe wa poliesta. Nailoni huchoka haraka zaidi juani.

Kanuni hiyohiyo ya kuburuta na kuinua inapima matumizi mengine ya nyumbani. Mto unaoteleza kwenye benchi la mbao unafaa sana, kwa kuwa anayeukalia huuburuta tu. Rimoti ubavuni mwa meza, sawa. Ekstensheni ya umeme iliyobandikwa ukutani inasumbua: kila ukichomoa plagi unaivuta moja kwa moja kutoka ukutani, na mwisho gundi inabanduka na rangi. Ukuta wa chokaa usiujaribu kabisa.

Velkro ikianza kulegea, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi kulabu zimejaa nyuzi na nywele; zichokonoe kwa sindano au kitana cha meno membamba, na kwa kawaida zitashika tena. Kioo kizito, rafu ya vyombo na chochote kitakachomuumiza mtu kikianguka, hivyo vifungwe kwa skrubu.