Ushahidi wa Mwana Kupona

Huenda msomaji akadhani Mwana Kupona aliaminiwa kwa kuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Sikubali. Cheo humpa mnenaji wasikizaji, hakimpi imani yao. Katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hali mgonjwa, maagizo ya kumtii mume yafuatana ubeti kwa ubeti, na kama yangalikuwa hayo tu, yangalichosha. Ndipo aingiapo mwenyewe: asimulia ndoa yake, na jinsi mumewe alivyofariki akiwa radhi naye. Hapo mwalimu amekuwa shahidi. Wanafunzi wengi wa leo hulikataa fundisho lake, na wana haki. Lakini wasimwite mnafiki, maana hakumtwika bintiye mzigo ambao yeye hakuuchukua.