"Futa Kuki" Si Dawa ya Kila Homa: Kurasa za Hitilafu Zinatuficha Nini?

Tovuti ikigoma kufunguka, wengi wetu tuna jibu moja tu: mtandao unasumbua. Bando likiisha, mtandao unasumbua. Seva ya chuo ikizidiwa, mtandao unasumbua. Waya wa baharini ukikatika, bado ni mtandao unasumbua. Halafu anatokea fundi wa kwenye grupu la WhatsApp na dawa yake ileile: futa kache na kuki, zima simu, washa tena.

Usimcheke fundi huyo. Usemi wetu na dawa yake vimezaliwa na mzazi mmoja, yaani kurasa za hitilafu zinazotokea kwenye vivinjari. Leo nazisoma kama maandishi ya kumweleza mtu jambo, na kwa kipimo hicho nyingi zinafeli.

Kwanza tuone kinachotokea ukigusa kiungo. Kivinjari kinapita hatua nne. Ya kwanza, kinatafuta namba ya anwani kwenye DNS, yaani daftari la majina la intaneti. Ya pili, kinapiga hodi kwenye namba hiyo na kusubiri kuitikiwa. Ya tatu, kinakagua cheti cha tovuti kama mlinzi wa getini anavyokagua kitambulisho: jina ni lenyewe? Tarehe haijapita? Aliyekitoa anaaminika? Ya nne ndipo kinaomba ukurasa, na seva inajibu kwa namba ya tarakimu tatu. Zinazoanza na 4 zinasema ombi lako lina shida: 404, ukurasa haupo, 403, umekatazwa. Zinazoanza na 5 zinasema shida ni ya seva: 500, imekwama ndani kwa ndani, 503, imezidiwa au iko kwenye matengenezo.

Sasa kuki zinaingia wapi? Hatua ya nne, zinapotumwa pamoja na ombi lako. Kwa hiyo kuzifuta kunasaidia tovuti inapokuzungusha bila kufika, au inapong'ang'ania kumbukumbu ya zamani ya kuingia kwako. Kufuta kache kunasaidia unapoonyeshwa nakala iliyopitwa na wakati. Lakini kama jina halijapatikana kwenye DNS, au seva imekupa 503, futa mpaka uchoke, hakuna kitakachobadilika. Tena utakuwa umejitoa kwenye akaunti zako zote, na nenosiri hulikumbuki.

Ushahidi mzuri ni tarehe 4 Oktoba 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita dunia nzima, kwa sababu mabadiliko yaliyofanywa na kampuni yenyewe yaliondoa njia za kufikia seva zake za DNS. Kosa lilikuwa lao asilimia mia. Hakuna simu hata moja ambayo ingepona kwa kuzimwa na kuwashwa. Lakini kivinjari kinaposhindwa namna hiyo, ushauri wake wa kwanza huwa ni kukagua muunganisho wako, proksi yako, ulinzi wa kompyuta yako. Kila kitu ni chako! Ndivyo ilivyo pia mawasiliano yanapodorora kwa sababu ya nyaya, kama ilivyotokea Afrika Mashariki tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari. Tovuti ya ng'ambo isipofikika, kivinjari kinakwambia muda umekwisha, basi.

Haki yao tuwape. Kivinjari kimekaa kwenye simu yako na hakioni waya wa baharini, kwa hiyo kinakisia. Pia maneno ya kitaalamu yakizidi, msomaji anakimbia. Lakini kurahisisha nako kuna gharama. Mwaka 2015 watafiti wa Google, wakiongozwa na Adrienne Porter Felt, walichapisha matokeo kuhusu maonyo mapya ya cheti kwenye Chrome. Watumiaji wengi zaidi walitii onyo, ila lengo la kuwafanya waelewe halikufikiwa. Yaani tumefundishwa kuogopa bila kujua tunachoogopa.

Na inawezekana kufanya vizuri. Saa ya simu ikiwa nyuma kwa miaka, kila cheti kitaonekana kibovu. Chrome ikiligundua hilo, inakwambia waziwazi kwamba saa yako haiko sawa na inakuelekeza kuirekebisha. Tatizo limetajwa, mwenye nalo ametajwa, na dawa imetajwa. Linganisha na 503. Kanuni za HTTP zinairuhusu seva kutaja muda wa kusubiri kabla ya kujaribu tena, lakini vivinjari havikuonyeshi. Basi siku ya mwisho ya maombi watu elfu wanabofya upya kila sekunde, na seva iliyokuwa inahema inazimia kabisa.

Kibaya zaidi ni pale tovuti inapozuiwa kwa amri. Uganda ilizima intaneti kabla ya uchaguzi wa 14 Januari 2021, na Facebook ikabaki imefungwa hata baada ya intaneti kurudi. Tangu 2016 upo msimbo 451, maalumu kwa kuzuiwa kwa sababu za kisheria. Ila anayezuia katikati ya njia hawezi kuupachika ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa, na mara nyingi hana hamu ya kujitambulisha. Mtumiaji anaona muunganisho umekatika. Anadhani ni bando.

Ukurasa mzuri wa hitilafu ungejibu maswali matatu: tumekwama hatua ipi, shida iko upande wa nani, nifanye nini au nisubiri hadi lini. Hilo ni deni la watengeneza vivinjari, na la wenye tovuti pia, maana kurasa nyingi za 500 na 503 huandikwa na wao.

Wewe, kabla hujafuta chochote, soma ile namba au msimbo uliochapwa kwa maandishi madogo. Jaribu tovuti nyingine, kisha jaribu laini nyingine. Ukiona namba inaanza na 5, piga picha ya skrini yenye saa na tarehe, uihifadhi. Siku utakapoambiwa "ulichelewa kutuma maombi", picha ya 503 ya saa nne usiku ina nguvu kuliko kusema mtandao ulikuwa unasumbua.