Geuza Pedi, Tazama Mgongo

Nimechoka kusikia hedifoni ikisifiwa kwa ulaini wa pedi zake. Mtu anabonyeza kwa dole gumba, sponji inarudi taratibu, basi keshatoa hukumu: hii ni ya studio! Wimbo wenyewe hajaucheza. Ulaini unalihusu shavu. Sikio lina mahitaji mengine, na kwenye hedifoni za bei ya chini pedi huamua mengi kuliko maandishi yote ya kwenye boksi.

Spika ya milimita 40 haiwezi kutikisa chumba. Besi yake inategemea ile hewa iliyofungiwa kati yake na sikio lako. Upenyo ukitokea, masafa ya chini ndiyo yanayotoroka kwanza. Trebo inabaki palepale, na muziki unageuka kelele nyembamba. Watu hutupa hedifoni nzima wakidai spika zimekufa, kumbe pedi zinavuja.

Zinavuja wapi? Hapo ndipo wasiojua wanapopotea kila mara, kwa sababu wanakagua upande unaogusa kichwa. Geuza pedi. Mgongoni ina mdomo, ule ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa kikombe. Mdomo wa pedi nzuri unavutika sawasawa pande zote, mshono wake umelala, na ukishaivisha unaweza kupitisha ukucha kuzunguka kikombe chote usizame popote. Sasa chukua zile pedi zinazouzwa kwa kipimo tu, milimita 80, 90 au 100, zinazodaiwa kuingia kwenye kila hedifoni. Zikiwa ndogo zinavutwa kwa nguvu mpaka mdomo unapinduka. Zikiwa kubwa zinakunjamana, mara nyingi kule chini, karibu na waya, ambako hakuna anayetazama. Kwa mbele pedi inang'aa, nyuma kuna mkunjo usiopitisha hata kijiti cha kiberiti, na mkunjo huo unatosha kuikondesha besi. Halafu mwenye hedifoni anakwenda kwenye simu yake kuongeza besi kwa programu. Hewa inayovuja haizibwi kwa programu.

Fundi mmoja mzee wa redio pale Kariakoo, aliyenifundisha kusikiliza, hakuvisha pedi bila kadi ya plastiki mkononi. Alianza juu, akausukuma mdomo ndani kidogo kidogo kwa kona ya kadi, akazungushia pande zote mbili mpaka zikakutana chini. Kisha alipiga mlio mmoja mzito wa hezi 50, akavaa, akabonyeza vikombe kwa viganja, akaachia. Besi ikiruka juu anapobonyeza, pedi inavuja. Aliivua na kuanza upya, hata kama mteja amesimama na amechelewa daladala. Pesa alipokea baada ya tofauti hiyo kupotea.

Matapeli wanaijua siri hiyohiyo. Muuzaji anakuvisha hedifoni kwa ukarimu, anaishikilia masikioni mwako kwa viganja viwili, "usikie vizuri, bosi," huku wimbo wenye besi nzito unapigwa. Viganja vyake ndivyo vinavyoziba. Ukifika nyumbani besi imebaki dukani. Mwambie aondoe mikono, kisha usikilize upya. Kama unavaa miwani, isikilize na miwani yako machoni, kwa sababu mkono wa miwani nao unainua pedi.

Kuna na wanaotupa kile kiduara cha sponji nyembamba kilicho mbele ya spika, wakidhani ni cha kuzuia vumbi tu. Kwenye DT 770 ya Beyerdynamic kiduara hicho ni sehemu ya sauti. Kirudishe.

Mahameli je? Hupitisha hewa, kwa hiyo hupunguza besi. DT 770 ilibuniwa ikiwa na mahameli, nayo inaibeba. Hedifoni iliyozibwa, iliyobuniwa kwa ngozi bandia, isivishwe mahameli kamwe. Kina cha pedi nacho kina kanuni yake. Grado SR60 ukiivisha pedi bapa, spika inasogea sikioni na besi inajaa. Ukiivisha ya bakuli, spika inakwenda mbali na besi inapungua. Wanaopenda pedi nene husema muziki umepanuka. Mimi nasikiliza mwimbaji: akirudi nyuma ya gitaa, pedi hiyo ni mbaya, iwe imegharimu kiasi gani. Na pedi za rangirangi sijapata kuziona zikiwa nzuri. Pedi ni nyeusi.

Zamani hatukuhangaika hivi. Koss Porta Pro ilitoka mwaka 1984 ikiwa na kipande cha sponji tupu juu ya spika iliyo wazi, na mpaka leo inauzwa vilevile. Ulipoisikilizia kaseti ya bendi ya Mlimani Park iliyorekodiwa Redio Tanzania, gitaa la besi lilitembea wazi, noti kwa noti, na hakuna aliyeuliza kama sponji ni laini.

Huku pwani ngozi bandia haina maisha marefu. Joto, jasho na unyevu huivunja, ikaanza kumwaga maganda meusi shingoni. Sony MDR-7506, iliyoko studio tangu 1991, inajulikana kwa hilo. Ganda la kwanza likidondoka, hewa imeshapata njia. Usiifunike kwa kitambaa, na usiipake gundi. Nunua jozi iliyotengenezwa kwa hedifoni hiyohiyo, na uvishe zote mbili siku moja. Ukivisha ya kulia peke yake, besi yote itahamia kulia.