Nafsi ya Anayeogopwa: Shiki na Simulizi za Omorogi

Wahakiki wa usimulizi hupenda kudai kwamba mhusika wa kutisha hupata utu pindi anapopewa sauti. Katika makala haya mafupi tunalipima dai hilo kwa kutumia Shiki, filamu ya katuni ya Kijapani iliyoonyeshwa katika televisheni mwaka 2010 kutokana na riwaya ya Fuyumi Ono (1998). Tunaitazama tukiwa na simulizi za Kisii na Nyamira akilini, ambako anayeogopwa usiku huitwa omorogi.

Mwanzoni kijiji cha Sotoba kinapukutika, nasi tunayaona maafa pamoja na daktari Ozaki na wanakijiji wenzake. Wanyonya-damu ni vivuli tu. Ndivyo zilivyo pia simulizi nyingi za omorogi: msimulizi yumo ndani, mlango umefungwa, na mchawi yuko nje gizani, hana neno lake mwenyewe. Kisha mtazamo unahama. Megumi, msichana aliyetamani maisha ya mjini, anafufuka na tamaa yake ileile. Wanakijiji wanamkanyaga kwa magari na kumchoma kigingi. Hata hivyo, mhusika muhimu zaidi kwa maoni yetu ni muuguzi Ritsuko, ambaye wahakiki humpita haraka. Anaamka akiwa mnyonya-damu, njaa inamtesa, naye anakataa kunywa. Hajitetei kwa hotuba. Utu wake tunausoma katika kukataa huko, na wanaomuua hawana njia, wala nia, ya kumtenga na wanaokunywa.

Sasa tuitazame sauti ya aina nyingine. Mei 2008, watu 11 walipochomwa moto hadi kufa Kisii kwa tuhuma za uchawi, iliripotiwa kwamba wanakijiji walidai kuokota daftari shuleni lenye kumbukumbu za mkutano wa wachawi, pamoja na habari za watakaorogwa baadaye. Daftari hilo nalo, kwa kadiri lilivyoelezwa, lilihamisha mtazamo. Lilimwingiza msomaji mkutanoni na kumpa omorogi sauti, lakini sauti ya kupanga tu: nani afuate. Hapana mwenye njaa humo, wala anayesita kama Ritsuko. Sauti ilitolewa, na utu ukaondolewa.

Mlinganisho wetu una mpaka, nao ni mkubwa. Sunako, kiongozi wa wanyonya-damu wa Sotoba mwenye sura ya mtoto, anaua kweli. Wanawake wanne waliouawa Marani, Kisii, Oktoba 2021 walikuwa na tuhuma tu. Kuwaombea huruma ile tunayompa Sunako ni kukubali kwanza kwamba walikuwa wachawi. Kwa hiyo sehemu ya Shiki inayotuhusu zaidi ni vipindi vya mwisho, ambapo mtazamo unahamia kwa umati wenyewe, jambo ambalo simulizi za omorogi tulizozisikia hazijathubutu kulifanya. Wanakijiji, nguo zikiwa na damu, wanapumzika na kula karibu na maiti, wakipiga soga kama watu waliotoka kuvuna.